Somalia Ilisingiziwa: Kisa cha Tumbo la Audrey Hepburn

Mwishoni mwa Septemba 1992 Audrey Hepburn alirudi nyumbani kwake Tolochenaz, kijiji cha Uswisi karibu na Ziwa Geneva, tumbo likimuuma. Alikuwa na umri wa miaka 63. Alikuwa ametoka Somalia, nchi iliyokuwa imezama katika njaa na vita, akiwa balozi wa hisani wa UNICEF, kazi ambayo safari yake ya kwanza ilikuwa Ethiopia mwaka 1988. Dunia ilimjua kwa sinema, lakini miaka yake ya mwisho aliitumia akiinama juu ya watoto waliobaki ngozi na mifupa.

Hebu mkalishe mgonjwa huyo mbele ya daktari yeyote, wa Lausanne au wa Temeke. Mama wa miaka sitini na ushee, tumbo linasokota, ametoka Afrika juzi. Swali la kwanza halitakuwa jingine: ulikunywa maji gani huko? Ndivyo ilivyokuwa. Dhana ya kwanza ilikuwa amiba, au kijidudu kingine cha tumbo alichorudi nacho. Aliyeanzia hapo simlaumu hata kidogo. Amiba ipo, inauma, na ukiiacha yaweza kupanda hadi kwenye ini ikatengeneza jipu. Kuanza na ugonjwa wa kawaida ndiyo kazi ya daktari mwenye akili timamu.

Lakini dhana ya kwanza lazima ipewe siku zake. Choo kimepimwa hakikuonekana kitu, dawa zimemezwa, maumivu yapo pale pale: hapo amiba imeshajitetea na imeachiwa huru, atafutwe mshitakiwa mwingine. Kinachotufunga macho ni safari. Safari ina tarehe, ina picha, ina simulizi. Mtu alikuwa mzima, akaenda, akarudi mgonjwa. Uvimbe unaokua kimya kwa miaka hauna tarehe wala simulizi, kwa hiyo hakuna anayeufikiria.

Vipimo alivyofanyiwa Uswisi havikutoa jibu. Oktoba ikapita. Akaenda Los Angeles, na mwanzoni mwa Novemba madaktari wa Cedars-Sinai wakaingiza kamera tumboni mwake kwa upasuaji wa matundu. Wakaona kilichokuwa kimejificha: saratani adimu, iliyokuwa imekua polepole kwa miaka kadhaa, imetambaa na kuuvika utumbo mwembamba utando mwepesi. Kwa maana hiyo, siku aliyotua Somalia alikuwa ameshaibeba. Somalia haikumpa kitu.

Magazeti yaliandika kwamba ana saratani ya utumbo mpana. Baadaye ikaja kufahamika, na mwanawe Sean Hepburn Ferrer akaeleza, kwamba chanzo kilikuwa kidole tumbo, kile kijifuko ambacho wengi wetu tunakijua kwa jina la apendiksi. Hali iliyofuata, ya ute na seli kusambaa tumboni, inaitwa sudomiksoma peritonei. Kutofautisha majina haya mawili si ubishi wa wasomi. Saratani ya kawaida ya utumbo mpana ina njia zake za kusambaa na ina upasuaji wake. Hii ina njia nyingine kabisa, na ukiitibu kama ile utakuwa umekata kipande kilichokukaribia ukaacha ugonjwa wenyewe.

Niseme kidogo jinsi inavyotembea, maana mwendo wake ndio unaoeleza yote yaliyompata.

Kidole tumbo kinaning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini upande wa kulia. Ukuta wake wa ndani una seli zinazotoa ute, kama ulivyo utumbo wenyewe. Pakiota kiuvimbe humo ndani, mlango unaweza kuziba huku seli zikiendelea kutoa ute. Kijifuko kinavimba taratibu, kinajaa kama puto lenye gundi. Karl Rokitansky wa Vienna alikieleza kidole tumbo cha namna hiyo mwaka 1842. Mwaka 1884 Richard Werth akaipa jina hali ya tumbo kujaa ute, akiihusisha na uvimbe wa ovari, na mwaka 1901 Fränkel akaeleza kisa kilichotoka kwenye kidole tumbo. Ovari iliendelea kulaumiwa miongo mingi baada ya hapo, hadi ilipokuja kuonekana kwamba mara nyingi ovari nayo ni jirani aliyevamiwa tu.

Siku moja puto linatoboka. Pengine mgonjwa hasikii kitu. Hakuna homa, hakuna kukimbizwa hospitali usiku. Ute unavuja, na ndani ya ute mna seli zilizo hai ambazo huko zilikofika zinaendelea na kazi yao ile ile ya kutoa ute.

Ndani ya tumbo, baina ya viungo na utando unaolizunguka, mna maji kidogo yasiyotulia. Yanapanda ubavuni kuelekea kulia hadi chini ya kiwambo cha pumzi, juu ya ini, na yanashuka kwa uzito wake hadi kwenye nyonga. Seli zinasafiri na maji hayo. Yanaponyonywa, zinabaki: kwenye kiwambo, na kwenye shela la mafuta linalofunika matumbo kwa mbele, ambalo hugeuka bamba nene na gumu. Nyingine zinazama chini kabisa, kwenye mfuko wa uzazi na ovari. Utumbo mwembamba, ajabu yake, mara nyingi husalimika kwa muda mrefu. Haukai kimya, unajikunyata na kujinyoosha usiku na mchana, na ute hauna pa kushika.

Sasa rudi kwenye kilichoonekana Los Angeles: utando juu ya utumbo mwembamba. Maneno hayo yanatosha kumnyima usingizi daktari wa upasuaji. Mtu anaweza kuishi bila shela la mafuta, bila bandama, bila mfuko wa nyongo, bila ovari, na hata bila sehemu kubwa ya utumbo mpana. Bila utumbo mwembamba hawezi kula chakula kikamfaa. Ugonjwa ukishaupaka huo wote, wembe hauna pa kupita.

Kuna swali ambalo lazima mtu aliulize: mbona haukuonekana mapema? Ni ugonjwa wa mtu mmoja hadi wachache katika kila watu milioni kwa mwaka. Daktari anaweza kustaafu bila kuukuta. Na unapokuja, unakuja umevaa nguo za wengine. Mwanamke anaambiwa ana uvimbe wa ovari. Mwanaume anakuja na ngiri mpya, ile watu wa pwani wanayoiita mshipa, na daktari akifungua kifuko chake anakuta ute mahali alipotegemea utumbo. Mwingine anaingizwa chumba cha upasuaji kwa kidole tumbo cha kawaida. Wengi wanasema tu kwamba nguo za kiunoni zimeanza kubana.

Hapa kwetu vazi linalozoeleka ni maji. Mama amelazwa, tumbo limetangulia mbele, mikono na mashavu yamekonda. Daktari anafikiria kifua kikuu cha tumbo, anafikiria ini lililoharibika kwa kichocho au homa ya ini, anafikiria ovari, na anafikiria sawasawa. Anasafisha ngozi kwa spiriti, anapiga ganzi, anachoma sindano chini kushoto, anavuta. Bomba tupu. Anasogeza kidogo, anavuta tena. Hakuna. Anaomba sindano nene, na safari hii, kwa nguvu ya kidole gumba chote, linaingia tone la rangi ya asali. Akilimimina kwenye kichupa halidondoki. Linavutika na kubaki limening'inia, kama mlenda unavyoufuata mwiko. Daktari aliyekwisha kuona kitu hicho mara moja hasahau. Ambaye hajakiona huandika kwenye faili kwamba maji hayakupatikana, na kesho yake mwenzake anarudia kuchoma mahali pengine.

Tone lile lipelekwe patholojia, maabara inayochunguza seli na nyama za mwili. Vilevile, mgonjwa ageuzwe ubavu wakati wa ultrasaundi: maji ya kawaida hukimbilia chini, ute hubaki ulipo. Kwenye skani ya CT kitu cha kutafuta ni ukingo wa ini. Maji hulizunguka ini bila kulibadilisha umbo. Ute hulibonyeza, likaonekana lina mabonde madogo madogo pembeni kana kwamba limeng'atwang'atwa. Vipimo vya damu vya CEA na CA-125, vinavyopima alama za uvimbe, husaidia, hasa kufuatilia baada ya matibabu, ila havitamki jina la ugonjwa. Kamera ya kupitia njia ya haja kubwa inaweza kurudi safi kabisa, kwa kuwa inaangalia ndani ya utumbo na ugonjwa umelala nje yake. Utando mwepesi juu ya utumbo mwembamba ndio unaosumbua zaidi: skani inaweza kuupita bila kuuona, na hapo kinachobaki ni kuingia na kutazama kwa macho. Ndiyo maana ninaamini kamera ya matundu iwahi kuombwa, tumbo linapouma wiki kadhaa na karatasi zote zinasema hakuna kitu.

Tarehe 1 Novemba Hepburn alipasuliwa na uvimbe ukaondolewa. Akaanzishiwa dawa za saratani. Dawa zinazopita kwenye mshipa hufika kwa shida kwenye seli zinazoelea ndani ya ute, kwa sababu ute hauna mishipa ya damu, na baina ya damu na uwazi wa tumbo kuna kizuizi cha maumbile kinachopunguza dawa isivuke. Wiki zikaenda, matumbo yakaanza kuziba. Mwanzoni mwa Desemba akafunguliwa tena. Madaktari wakatazama, wakaona hakuna wanachoweza kukitoa bila kumuua, wakafunga.

Uamuzi wa kufunga ni mgumu kuliko wa kukata, na ninauheshimu. Utumbo uliopakwa ugonjwa na makovu mapya ya upasuaji wa mwezi uliopita haumenyeki. Ukilazimisha, unatoboka, na kila tundu ni mlango wa kinyesi kumwagika tumboni. Anayefunga mapema humwachia mgonjwa wiki za kuwa nyumbani badala ya wiki za kuwa chumba cha mahututi.

Kwa miaka mingi njia ya kutibu ilikuwa hiyo ya kupunguza: fungua, chota ute, toa kinachotoka, funga, tumbo likijaa, rudia. Kila mara makovu yanazidi na nafasi inapungua. Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, ilichapisha mwaka 1994 matokeo ya wagonjwa wake 56 waliotibiwa kati ya 1957 na 1983: waliofika miaka 5 walikuwa asilimia 53, waliofika miaka 10 asilimia 32. Ukitazama haraka si matokeo mabaya, kwani ugonjwa wenyewe mara nyingi una mwendo wa kobe. Ila kwa wengi ulirudi.

Njia nyingine ilikuwa imeshaanza kuchipua. Mwaka 1980 John Spratt na wenzake huko Louisville walilisafisha tumbo la mgonjwa wa sudomiksoma kisha wakalizungushia dawa ya saratani iliyopashwa moto. Paul Sugarbaker, akifanya kazi Washington, aliigeuza fikra hiyo kuwa upasuaji wenye utaratibu, na mwaka 1995 akachapisha maelezo ya kuumenya utando wa tumbo hatua kwa hatua.

Kumenya ndilo neno lenyewe. Tumbo linafunguliwa kuanzia kifuani hadi kinenani. Linahesabiwa kwanza: limegawanywa maeneo 13, kila eneo linapewa alama kuanzia 0 hadi 3 kulingana na ukubwa wa ugonjwa, na jumla ya juu ni 39. Kisha daktari anashika ukingo wa ule utando na kuuvuta huku akiutenga na nyama kwa kifaa cha umeme chenye kichwa cha duara. Chini ya kiwambo unabanduka kwa vipande vipana, vyeupe, vizito kwa ute, na nyuma yake inabaki nyama nyekundu ya kiwambo ikipanda na kushuka kwa pumzi. Shela la mafuta linatoka na bandama. Mfuko wa nyongo unatoka. Nyongani unatoka utando pamoja na ovari, mfuko wa uzazi na mara nyingine kipande cha utumbo mpana. Kazi huchukua saa nane, saa kumi, wakati mwingine zaidi, na timu inakunywa maji kwa zamu.

Lengo ni kutoacha hata punje inayoonekana. Kikibaki kitu kisizidi milimita 2.5. Kipimo hicho kina sababu. Dawa itakayomwagwa hupenya milimita chache tu ndani ya nyama, kwa hiyo kilicho kinene zaidi kitaokoka. Ikishakuwa safi, tumbo linaunganishwa na mashine, na dawa, mara nyingi mitomaisini, inazungushwa humo ikiwa na joto la nyuzi 41 hadi 43 kwa saa moja au moja na nusu, huku mtu akiitikisatikisa ifike kila kona. Inafanyika siku ile ile, kabla makovu hayajajenga vyumba vya kujificha seli zilizobaki.

Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya pamoja ya vituo 16, wagonjwa 2,298 waliotibiwa hivyo. Waliofika miaka 10 walikuwa asilimia 63. Waliokufa kutokana na matibabu yenyewe walikuwa asilimia 2, na takribani mmoja kati ya wanne alipata madhara makubwa. Wagonjwa waliochaguliwa ni tofauti na wale wa zamani, hivyo asilimia hizi zisilinganishwe na zile za Mayo kama bei za sokoni. Lakini mtu aliyefanya kazi hii haoni shaka kwamba upasuaji wa kwanza ukifanyika kamili unabadilisha maisha, na ukifanyika nusunusu unaharibu nafasi ya pili.

Je, ungemwokoa Hepburn? Sidhani. Novemba 1992 mikono iliyoijua kazi hiyo ilikuwa ya kuhesabika duniani. Na hata leo, tumbo ambalo utumbo mwembamba umepakwa kiasi kile, kisha likaziba kabisa ndani ya mwezi mmoja, timu nyingi zingekataa kulimenya. Kama kulikuwa na nafasi, ilikuwa miaka kadhaa nyuma, kidole tumbo kikiwa bado kimeshika ute wake ndani, na wakati huo hakikumuuma. Wiki zile za amiba hazikumuua. Zilimnyima kujua mapema, na kujua mapema kuna thamani yake hata pasipo na tiba: mtu anapanga Krismasi yake.

Yeye aliipata. Alitaka kurudi Uswisi, na ndege ya abiria wa kawaida haikumfaa tena. Rafiki yake Hubert de Givenchy, mbunifu wa mavazi, akamwomba tajiri wa Kimarekani Bunny Mellon atoe ndege yake binafsi, nayo ikaja imejazwa maua, ikamchukua kutoka Los Angeles hadi Geneva. Alisherehekea nyumbani na familia. Alikufa usingizini tarehe 20 Januari 1993, Tolochenaz. Ugonjwa huu huua kwa kufunga njia ya chakula. Yule binti aliyenusurika njaa ya majira ya baridi ya 1944 huko Uholanzi, akatumia uzee wake kuwahangaikia wenye njaa, aliishia kushindwa kula. Kila nikilifikia jambo hili huwa nasimama kidogo.

Kwetu mafunzo ya kisa hiki hayapo kwenye mashine ya kupasha dawa. Yapo kwenye upasuaji mdogo kuliko wote, wa kidole tumbo, unaofanyika kila wiki hospitali za wilaya na mikoa. Katika kila elfu moja ya vidole tumbo vinavyotolewa, viwili au vitatu huwa vimejaa ute. Ukikikuta kinene, kinang'aa, kimevimba bila usaha, usikibane kwa koleo wala kukivuta kupitia tundu dogo. Kama ulianza kwa matundu na unaona kitapasuka, fungua tumbo, hakuna aibu. Kiingize kwenye kifuko kabla ya kukitoa. Zungusha macho: nyonga, ovari zote mbili, juu ya ini. Ukiona ute nje yake, chukua kidogo, andika ulipouona, toa kidole tumbo kizima, kisha usishike kingine chochote. Mwachie atakayekuja kufanya kazi nzima tumbo lisilo na makovu. Na ukifungua tumbo la mama kwa ajili ya ovari ukakutana na mlenda, kitafute kidole tumbo kabla hujafunga.

Kilichotoka kizima bila kutoboka, na patholojia ikathibitisha kwamba seli ni za daraja la chini, yaani si kali, na ukingo uliokatwa ni safi, mara nyingi mgonjwa amepona kwa upasuaji huo huo. Kilichovuja kinahitaji kufuatiliwa kwa skani na vipimo vya damu kwa miaka.

Lakini yote hayo yanategemea chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama iliyotolewa hadi ipimwe. Hospitali nyingi hazina mpatholojia, na kipimo kinalipiwa. Nesi anatoka na chupa mkononi, anamwita ndugu wa mgonjwa aliyekaa kwenye benchi la korido. "Kaka, hii inatakiwa iende mjini maabara." Kaka anaitazama, anatazama fomu ya malipo. "Dada, si mmeshakitoa? Kitu cha kutupa tunakilipia cha nini?" Ni swali la haki kabisa, na daktari aliyefanya upasuaji, hata akiwa amechoka, hata kukiwa na mgonjwa mwingine mezani, avue glavu atoke nje amjibu mwenyewe.